Mwambangoma uani: kutoka mbegu au kijiti hadi shada la kwanza

Oktoba barabara nyingi za Arusha na Nairobi hutandikwa zambarau na mijakaranda, na Disemba ikifika ni zamu ya mikrismasi kuwaka. Miti mizuri yote miwili, sina ugomvi nayo, ila wa kwanza kwao ni Amerika Kusini na wa pili kwao ni Madagaska. Wa kwetu hausubiri mvua. Agosti nyasi zimekauka, vumbi limelala juu ya kila kitu, ndipo unauona umesimama mpakani mwa shamba la mahindi, hauna hata jani, matawi yamepindapinda, na kwenye kila ncha kuna shada jekundu lililoelekea juu. Huo ndio mwambangoma, kitaalamu Erythrina abyssinica.

Wakikuyu huuita muhuti, Wakamba muvuti, Waluo orkembe, Wachaga mriri, Waganda jjirikiti. Rwanda ni umuko, mti wa Ryangombe, mkuu wa mizimu katika ibada za kale za kubandwa, yaani kupandwa na mizimu, na Burundi ni umurinzi, yaani mlinzi. Jina letu la Kiswahili limebeba kazi yake: mbao ni nyepesi na laini kuchimba, hufaa kwa mzinga wa ngoma ambao baadaye huwambwa ngozi. Kuni zake hazina maana, zinatoa moshi tu. Labda ndiyo sababu mingine imesalia.

Kwa miaka 11 nimepanda miambangoma 9. Mitano ilikufa, na minne kati yake niliiua mwenyewe kwa ndoo ya maji. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria watu wenye huruma nyingi na bomba la maji karibu.

Kwanza, mahali

Mti mzima hufika mita 6 hadi 12, taji lake likiwa pana na la duara. Kwa ua wa kawaida huo ni mti mdogo, lakini si kichaka. Uache angalau mita 5 kutoka ukuta wa nyumba na shimo la maji machafu. Usiupande chini ya nyaya za umeme wala juu ya sehemu unayoegesha gari, maana matawi yake ni mepesi kukatika. Upepo mmoja mkali wa kabla ya masika unatosha kuangusha tawi lenye unene wa mkono.

Tena una miiba. Ipo kwenye shina changa, kwenye matawi, wakati mwingine hata kwenye vikonyo vya majani. Mti ukikomaa gome hugeuka nene na laini kama kizibo, na miiba ya shinani hupungua, lakini ile ya juu inabaki. Usiuweke pale watoto wanapokimbilia mpira.

Unataka jua la kutwa nzima. Kivulini utarefuka ukitafuta mwanga, utatoa majani tele, na maua utayaona kwa jirani. Kuhusu udongo hauchagui sana. Ni wa jamii ya kunde, na kwenye mizizi yake kuna vifundo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana unaota hata kwenye udongo uliochoka. Kitu kimoja tu hauvumilii: maji yaliyotuama.

Jipime hivi. Chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini, lijaze maji jioni, urudi asubuhi. Likiwa kavu, panda hapo. Ukikuta bado kuna maji, tafuta mahali pengine, au inua tuta la nusu mita na upande juu yake. Usijidanganye kwamba mti ukikua utayanywa.

Unapenda nyanda za kati na za juu, hadi kufikia mita 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari. Kama kwenu umande huganda alfajiri za Juni na Julai, mche mchanga ufunikwe usiku kwa gunia kwa misimu miwili ya kwanza. Wa pwani msihangaike na huu. Ninyi mna ndugu yake, Erythrina sacleuxii, aliyezoea joto la huko, na mengi ya hapa chini yanamfaa naye pia.

Mbegu au kijiti?

Mti wa mbegu hupiga mzizi mmoja mkuu unaoshuka moja kwa moja chini. Unachelewa, lakini ukisimama umesimama. Mti wa kijiti, yaani kipandikizi cha tawi, hukimbia na huchanua mapema, ila mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi na miaka ya mwanzo husukumwa na upepo. Kwangu wa kijiti ulitoa shada mwaka wa 3, wa mbegu mwaka wa 6.

Ushauri wangu: kama unapanda mmoja mbele ya nyumba, panda wa mbegu. Kama ni ua wa mpakani au huna subira, tumia vijiti.

Kuotesha kwa mbegu

Maganda yake yamebanwa kati ya mbegu na mbegu kama tasbihi, na yana vinyweleo. Yakikauka hupasuka yenyewe na kuonyesha mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja ikiwa na doa jeusi mahali iliposhikwa na ganda. Okota zilizoiva, usipasue maganda mabichi. Kilo moja ina mbegu zipatazo 6,800, kwa hiyo wewe wa uani unahitaji nusu kiganja tu. Tupa yoyote yenye tundu dogo la sindano: humo kuna mdudu au alikuwamo. Usipotaka kuokota, kituo cha mbegu cha KEFRI (taasisi ya utafiti wa misitu) pale Muguga kwa Kenya, TFS (wakala wa misitu) kwa Tanzania, na kituo cha taifa cha mbegu za miti cha Namanve kwa Uganda ni mahali pa kuulizia.

Ganda la mbegu hii ni gumu mno, maji hayapenyi. Ukizipanda hivihivi, moja itaota wiki ya pili, nyingine mwezi wa tatu, na nyingine utaisahau. Ndiyo maana lazima ulijeruhi ganda kidogo.

Shika mbegu kwa koleo. Iangalie ilipo ile alama nyeusi, halafu fanya kazi upande wa pili, mgongoni, kwa sababu kiinitete kimekaa karibu na alama. Sugua kwa tupa au msasa mpaka wekundu uishe na uone kidoa cheupe chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Simama hapo. Ukiendelea utaingia kwenye nyama ya mbegu na itaoza. Vaa glavu, na vumbi lake usilivute; nitaeleza kwa nini.

Ziloweke kwenye maji ya kawaida jioni. Asubuhi zilizofanikiwa zimevimba karibu mara mbili na wekundu wake umefifia. Ambazo hazikuvimba zirudishe kwenye tupa. Ukiwa na mbegu nyingi na tupa inakuchosha, chemsha maji, yaepue, yaache dakika chache yapoe kidogo, zimwagie, uziache humo hadi siku ya pili. Njia hii hufanya kazi, ila kwangu kila mara zilikuwapo chache zilizogoma.

Viriba viwe virefu, sentimita 20 au zaidi, maana ule mzizi mkuu una haraka. Changanya udongo sehemu 3, mchanga sehemu 1, samadi iliyooza vizuri sehemu 1. Panda kina cha sentimita 2, mwagilia mara moja vizuri, weka kwenye kivuli chepesi. Zilizojeruhiwa sawasawa huanza kuchomoza ndani ya wiki moja hadi tatu.

Kuanzia hapo mwagilia asubuhi tu, na pale tu udongo wa juu umekauka ukiugusa. Mche ukifikisha majani matatu ya kweli, ambayo kila moja lina vijani vitatu vipana, anza kuuzoesha jua: kwa muda wa saa mbili, kisha nusu siku, kisha kutwa. Kila wiki mbili inua kiriba. Ukiona mzizi umetoboa chini na kushika ardhi, ukate. Baada ya miezi 3 au 4 mche una sentimita 25 hadi 30 na uko tayari.

Kupanda kwa kijiti

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza nilipata vijiti vinne kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa anapunguza matawi. Nilifika navyo nyumbani saa kumi na moja, nikachimba, nikavisimika jioni hiyohiyo vikiwa bado vinatoa utomvu, nikavimwagia ndoo moja moja. Nikaendelea kila siku. Wiki ya tatu vilitoa vichipukizi, nikafurahi sana. Jirani yangu, bibi mmoja aliyezaliwa kwenye miteremko hii ya Mlima Meru, alikuwa anapita kila asubuhi kwenda kwenye migomba yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hivyo vijiti unavinywesha vya nini? Vina homa?"

Nikacheka, nikaendelea. Wiki ya sita vichipukizi vilinyauka vyote kwa siku mbili. Nikaking'oa kimoja. Gome la sehemu ya chini lilitoka mkononi kama ganda la muhogo uliochemka, ndani mti umekuwa kahawia, na harufu yake ilikuwa ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Hakuna hata mzizi mmoja. Vile vichipukizi vilikuwa vimeishi kwa akiba iliyomo ndani ya kijiti, si kwa mizizi. Bibi alipokuja akanyanyua kile kijiti, akakinusa, akasema, "Ulikizika kikiwa kibichi. Kidonda hufungwa kwanza."

Hiyo ndiyo siri yote. Tawi la mwambangoma lina maji mengi ndani yake. Ukilitia kwenye udongo wenye unyevu likiwa na jeraha bichi, ukungu huingia kabla mti haujajifunga. Basi fanya hivi.

Kata mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa bado uchi, kabla majani mapya hayajatoka. Chagua tawi lililonyooka la msimu uliopita au wa kabla yake, lenye gome lililoanza kukauka. Tawi la kijani kabisa litaoza. Kwa mti wa bustani, urefu wa sentimita 50 hadi 100 na unene wa kifundo cha mkono unatosha. Kwa uzio wa mpakani watu hutumia magogo ya mita 2 na zaidi ili mbuzi wasiyafikie machipukizi. Tumia msumeno, panga hupasua. Ncha ya chini ikate mshazari, ya juu ikate sawa, na hilo lina faida ya pili: hutasahau upande upi ni wa chini. Kijiti kilichopandwa kichwa chini ni kazi bure.

Vilaze kivulini penye hewa, visiguse ardhi yenye unyevu. Siku 4 zinatosha kwa vyembamba, wiki moja kwa vinene. Utajua viko tayari ukipitisha kidole kwenye mkato ukaukuta mkavu, mgumu, haunati.

Panda mvua zikianza, si mapema zaidi. Usikipigilie ardhini kama kigingi cha mbuzi, maana gome la chini litachanika. Toboa shimo kwa mtaimbo, weka konzi mbili za mchanga chini, ingiza kijiti robo hadi theluthi ya urefu wake, shindilia udongo kwa kisigino. Kijiti kirefu kifunge kwenye nguzo, kwa kuwa kikitikisika mizizi michanga inakatika. Mvua ikinyesha, wewe usimwagilie. Isiponyesha, lita 5 kwa wiki, basi. Vichipukizi vya kwanza visikulevye. Subiri miezi 3 kabla ya kumwambia mtu kwamba kimeshika. Na usikitikise kujaribu.

Niliporudia mwaka uliofuata kwa namna hii, vijiti vitatu kati ya vinne vilishika.

Kuhamishia mche shambani

Shimo la sentimita 45 kwa 45. Udongo wa juu uweke kando, wa chini kando, kisha urudishe wa juu ukiwa umechanganywa na karai moja la mboji. Mbolea ya dukani usiweke. Ile ya naitrojeni hasa ni kumlisha aliyeshiba, utapata majani makubwa na shina legevu. Panda jioni, wiki ya pili au ya tatu ya mvua, chana kiriba bila kuvunja udongo wake, na hakikisha shingo ya mche imebaki usawa ule ule iliyokuwa nao. Matandazo ya nyasi kavu weka, lakini yaache sentimita 10 mbali na shina. Yakiligusa shina huhifadhi unyevu palepale usipotakiwa, na huwakaribisha mchwa.

Zungushia miiba au wavu. Mbuzi hawajali kwamba ni mti wa asili.

Maji, na hofu ya kiangazi cha kwanza

Miezi ya mwanzo baada ya mvua kukatika, maadamu mche bado una majani, mpe lita 10 kila baada ya siku 10 hadi 14. Kisha majani yataanza kuwa manjano na kupukutika. Hapa ndipo watu wengi hushtuka na kukimbilia ndoo. Acha. Mti umelala, hauna majani ya kutoa maji, na kila unachomwaga kinakaa kwenye mizizi. Ukitaka kuhakikisha uhai, kwangua gome kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani na pana umajimaji, ni mzima. Pakiwa kahawia na pakavu, kwangua chini zaidi, maana mara nyingi ncha hufa na shina likabaki. Mwaka wa pili na kuendelea sikumwagilia hata tone.

Kupogolea

Maua hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokua msimu uliopita. Ukipogolea Juni ili "kusafisha ua" kabla ya wageni wa likizo, umekata maua yote ya mwaka huo. Muda wake ni mara tu maua yanapokwisha na kabla majani hayajafunga. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na yanayoelekea ukutani. Miaka miwili ya mwanzo acha shina moja kuu, ukiondoa vichipukizi vya chini ya mita 1.5, upate mahali pa kupita bila kuchomwa. Ukizidi ukubwa unaweza kuukata kichwa. Huchipua upya bila shida, ila utakaa msimu bila maua.

Wadudu, na watu wenye visu

Utaona vivimbe kwenye majani machanga na vikonyo. Mara nyingi ni kazi ya nyigu mdogo mno, Quadrastichus erythrinae. Nyigu huyu alipofika Hawaii mwaka 2005 aliangamiza miti ya jamii hii kwa wingi, kwa sababu huko hakuwa na adui. Watafiti walikuja kutafuta adui wake Afrika, wakampata Tanzania nyigu mwingine, Eurytoma erythrinae, anayekula mabuu yake, wakamwachia Hawaii mwaka 2008. Huyo adui kwetu ni mwenyeji. Ukipuliza dawa unaua wote wawili, na mharibifu ndiye anayerudi kwanza. Kata vikonyo vilivyovimba sana, vichome, mengine yaache. Ncha inayonyauka ghafla wakati mti una majani imetobolewa na kiwavi. Kata chini ya tundu.

Tishio kubwa zaidi ni binadamu. Gome lake hutumiwa kwa dawa za kienyeji sehemu nyingi, na asubuhi moja nilikuta mti wangu wa pili karibu na barabara umechunwa kipande cha upana wa viganja viwili. Jeraha la upande mmoja hupona: lainisha kingo kwa kisu kikali, liache likauke wazi, usilipake matope wala rangi. Likizunguka shina lote, sehemu ya juu itakufa. Hapo kata chini ya jeraha, ungoje machipukizi. Tangu siku hiyo napanda upande wa ndani wa uzio.

Ile habari ya mbegu

Mbegu zina sumu inayolegeza misuli. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huizuia, lakini ikitafunwa, ikisagwa au ikitobolewa, sumu iko wazi. Kwa hiyo tahadhari zaidi ya zote ni ile shanga nzuri ya mbegu nyekundu inayouzwa kwa watalii na kuvikwa watoto: kila mbegu yake imetobolewa. Wenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni wafagie chini ya mti maganda yanapopasuka, na wasiufuate mwongozo huu mpaka watoto wakue kidogo. Mtoto akitafuna, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na mbegu mkononi.

Shada la kwanza

Halitangazi. Mwishoni mwa Julai niliona vitumba vya kahawia vyenye manyoya kwenye ncha moja, nikadhani ni wadudu. Baada ya siku tisa vilikuwa vimepasuka kuanzia chini kwenda juu, kila ua na vijiuzi vyake vyekundu vilivyojikunja pembeni, na chozi dume wa kijani alikuwa amening'inia hapo akiingiza mdomo ua moja baada ya jingine, kwa zamu, bila kuruka hata moja. Nyuki walikuja saa nne. Kuanzia siku hiyo kahawa yangu ya asubuhi imehamia upande ule wa nyumba.

Bibi alipopita alisimama, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nikatie kijiti," akasema. "Cha mjukuu wangu, amepata kiwanja Usa River."

Maua yalipokwisha nikamkatia viwili, nikavilaza kibarazani. Kesho yake akaja kuvichukua. Nikamwambia bado siku tatu, bibi, kidonda hakijafunga. Akacheka mpaka akashika ukuta.